Malisho ya Ndama Tisa

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kulima nyasi ili nipande nyasi. Nalitaja hivyo, bila kulivika nguo, kwa sababu nimelisikia likivikwa nguo nyingi, nyingine nikiwa nimezishona mwenyewe. Mbele ya wageni huwa naliita jaribio. Halikuwa jaribio. Mtu anayejaribu hukubali kwamba anaweza kushindwa, nami wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikuwa nimekubali jambo la namna hiyo hata mara moja.

Tulihamia Kitengela katikati ya miaka ya tisini kutoka upande wa Nyeri. Baba alifungua duka la mbao, mabati, misumari na seng'enge. Mji ulikuwa barabara moja ya kwenda Namanga, vumbi huku na huku, na watu waliokimbilia kununua ardhi wasiyojua wataifanyia nini. Walikuja Jumapili kutoka Nairobi na kuku wa kukaanga kwenye karatasi. Walisimama katikati ya ploti, wakaonyesha kwa kidole mahali sebule itakapokuwa, wakatupa mifupa, wakaondoka. Baba aliwauzia nguzo na waya. Wakazungusha ua, wakafunga lango kwa kufuli, na sebule haikuonekana hata mwaka wa saba. Niliwadharau kwa moyo wote. Nilikuwa na dharau nyingi, na hiyo ndiyo ilikuwa mali yangu.

Kidato cha nne nilikuwa nimekimaliza na alama zisizonifikisha popote. Basi niliamua kujifundisha ukulima mwenyewe, na kujifundisha vizuri kuliko waliofundishwa. Nilinunua kitabu cha mboga kwa watu wanaotandaza vitabu vikuukuu kando ya njia kule Nairobi. Nilikisoma nikipigia mistari kwa rula. Nyuma ya duka nikapanda vitunguu. Nilitumia kamba na vigingi, na mche mmoja ukipinda niling'oa mstari mzima nikaanza upya. Baba alinitazama siku moja, akasema, "Hivi vitunguu ni vya kula ama ni vya gwaride?" Lakini vilitoka vizuri. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia, maana mtu aliyefaulu kwa vitunguu hudhani ameelewa udongo.

Ng'ambo ya korongo kavu lililopita nyuma yetu aliishi mama mmoja wa Kimaasai, mjane. Shemeji zake walikuwa wameuza sehemu zao, wakanunua pikipiki na kuzimaliza. Yeye hakuuza. Nilimwita Yeyo, yaani mama, kama walivyomwita wote, naye aliniita "ero", kama anavyoitwa kijana yeyote wa kiume asiye na cheo. Alipenda vitunguu vyangu. Alinipa maziwa, nami nilimpelekea vitunguu, na tukawa majirani wa kweli kuliko wale wa makufuli.

Kando ya boma lake palikuwa na kipande cha ardhi kilichozungushiwa matawi ya miiba. Wao hukiita olopololi. Ni malisho ya ndama. Ng'ombe wakubwa hawaingii humo. Nyasi huachwa zisimame hadi kiangazi, ili ng'ombe wanapopelekwa mbali kutafuta malisho, ndama wasioweza kutembea wabaki nyumbani na kitu cha kula. Nilijua hayo yote. Alinieleza mwenyewe. Sina kisingizio cha kutojua.

Lakini niliziona nyasi zenyewe, nikachukizwa. Zilikuwa nyasi nyekundu, zile zinazoota kwa mafungu, fungu hapa, fungu pale, na katikati ardhi tupu. Zilikaa kama nywele za mtu aliyenyolewa na adui yake. Kiangazi zilibadilika rangi zikawa kama kutu, na vichwa vyake vikaning'inia ovyo. Hakuna aliyezipanda, nami niliamini kwamba kitu kisichopandwa na mtu hakiwezi kuwa na mpango. Zilikuwa pale kabla ya babu yake kuzaliwa, zikilika na kuota tena kutoka shina lilelile, na mimi niliona uvivu tu.

Wakati huo nilikuwa nimegundua nyasi nyingine, ya mkia wa mbweha. Ilikuwa ikiota kwenye mawe kando ya barabara kuelekea Isinya, na masuke yake yana manyoya laini kama mkia kweli. Ng'ombe huipenda. Huvumilia jua, nayo pia haifi baada ya msimu mmoja. Nilisoma ukurasa mmoja na nusu kuihusu, basi nikawa mtaalamu.

"Yeyo," nikamwambia, "hizi nyasi zako ni za zamani. Nitakupandia nyasi ya maana."

"Nyasi ya zamani iko na miaka ngapi?"

"Si miaka. Angalia vile ziko. Kuna mapengo kila mahali."

"Mimi pia niko na mapengo," akasema, akanionyesha meno. "Na bado nakula."

Alicheka sana. Mimi sikucheka. Nilirudi siku ya pili na ya tatu, nikamchorea mistari chini kwa kijiti, nikamwambia nyasi zitakuwa mara mbili. Nadhani alikubali kwa ajili ya vitunguu. Tukapatana nusu. Nusu ya upande wa korongo ningeilima, nusu ya upande wa boma ningeiacha. Kisha akaenda Entarara, karibu na Loitokitok, kumwona binti yake aliyejifungua.

Nilikodi plau na maksai kwa mzee mmoja. Tulianza vizuri. Lakini mzee yule hakujua kufuata kamba, na tulipofika katikati mpaka wa nusu ulikuwa umepinda kama nyoka. Niliutazama. Mtu mwenye akili angeenda kunywa chai. Mimi nilimwambia apitishe mfuo mmoja zaidi wa plau kuunyoosha. Nao ukapinda. Tukapitisha mwingine. Kila tulichonyoosha kilipinda mahali pengine, na mzee, aliyekuwa akilipwa kwa siku wala si kwa akili, aliendelea kulima. Jioni palikuwa pamebaki ukanda mwembamba kando ya boma, upana wa nyumba mbili. Lakini mpaka ulikuwa umenyooka. Nakumbuka kwamba nilifurahi.

Yeyo aliporudi alisimama kwenye ua wa miiba. Mashina ya nyasi nyekundu yalikuwa yamelala juu, mizizi ikitazama jua.

"Hii ndio nusu?"

"Mpaka ulikuwa umepinda, Yeyo."

Alinitazama kama mtu anayetazama ndama mwenye vichwa viwili. Hakupiga kelele. "Basi panda," akasema.

Nilipanda. Mbegu nilikuwa nimezichuma mwenyewe wiki tano tu kabla, kwa sababu kitabu changu kilisema mbegu mpya ndiyo bora. Ni kweli, kwa vitunguu. Nilizisugua hadi manyoya yote yakatoka, kwa kuwa sikupenda yanavyoshikana na kuharibu nafasi. Nikafukia kina cha vidole viwili, kama mahindi, kwa mistari. Mvua ya Machi ilipiga mara nne kwa hasira, ikaenda zake. Udongo mweusi wa huku ukinyeshewa hivyo huwa tope, kisha huwa sahani, kisha sahani hupasuka. Nilienda kila asubuhi na kupiga magoti kuchungulia. Baada ya miezi miwili kitu kikaota. Nilikimbia kumwita Yeyo. Akaja, akakitazama, akakigeuza kwa ncha ya fimbo.

"Hii ni mbigili, ero."

Zilikuwa mbigili tupu, kwenye mistari na nje ya mistari.

Nilitafuta wa kunisamehe mahali pa mbali, ambako msamaha hauna kazi. Nilisikia kuna semina ya malisho Kajiado mjini, nikaenda. Tulikaa kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa hoteli. Mtu aliyevaa koti alituambia kwamba jamii lazima ihamasishwe. Alilirudia neno hilo hadi mbuzi choma alipoletwa, kisha akahamasika yeye. Nilimwuliza mbona mbegu zangu hazikuota. Aliniuliza mvua ilikuwaje. Nikasema haba. "Basi ni hivyo," akasema, akashika ubavu wa mbuzi. Nilirudi nyumbani nimefarijika, na nilijidharau kwa faraja ile kuliko nilivyomdharau yeye.

Aliyenieleza ukweli ni mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa na zizi nyuma ya duka letu. Alikuwa mtu wa Garissa, na mbuzi wake walikula nyasi kavu alizonunua kwa mafungu. Nilimweleza jambo zima huku akikagua ukwato wa mbuzi. Hakunionea huruma.

"Mbegu ulichuma lini?"

"Februari."

"Na ukapanda Machi? Kijana, hiyo mbegu ilikuwa imelala. Inalala mwaka mzima. Hata mtoto wa kwetu anajua. Na ukaizika chini hivyo, na ukaivua manyoya! Si ungeichemsha pia?"

Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza, "Na ndama za huyo mama zitakula nini?"

Hilo ndilo swali ambalo nilikuwa nimelikwepa tangu Machi. Mvua za mwisho wa mwaka hazikuja. Kufikia mwaka uliofuata nchi yote ilikuwa imekauka, na watoto wa Yeyo wakubwa wakawapeleka ng'ombe kusini, hadi milima ya Chyulu. Ndama tisa wakabaki. Walikuwa wadogo mno kwa safari ile, na walikuwa ndio kundi lake la kesho. Wakifa, shemeji zake wangekuja na mnunuzi na kumwambia ardhi bila ng'ombe ni ya nini. Alikuwa na ule ukanda niliomwachia, na nilihesabu kwa hatua. Usingefika mwezi.

Niliwahi kuona, kwenye soko la mifugo, wanaume wawili wa Kimaasai wakigombana. Mmoja aliinua rungu, na mwenzake akainama, akang'oa nyasi chini, akamnyooshea. Rungu likashuka. Niliuliza, nikaambiwa kwamba nyasi ni amani, na anayekunyooshea nyasi humpigi. Nilitafakari jambo hilo siku nyingi, kama ninavyotafakari kila kitu. Nilifanya mazoezi ya maneno. Asubuhi moja nikavuka korongo, nikafika kwenye miiba yake, nikainama, nikang'oa fungu zuri la nyasi nyekundu. Niliondoa hata majani yaliyovunjika.

Alikuwa akimkamua ng'ombe mmoja wa maziwa aliyebakishwa nyumbani. "Takwenya," nikamsalimu.

"Iko," akaitikia salamu bila kugeuka.

Nikainyoosha mikono miwili na nyasi zangu. Alitazama nyasi, akatazama mahali nilipozing'oa, akanitazama mimi.

"Umetoa wapi hiyo?"

"Hapo... kwa malisho."

"Malisho ya nani?"

Nikazishusha nyasi kifuani.

"Yaani hata msamaha unanyang'anya ndama!" Alimgeukia ng'ombe kana kwamba wanajuana kuliko sisi. "Ameona mahali majani imebaki, amekuja kumaliza. Na umeng'oa na mizizi. Huyu baba yake alimzaa ama alimlima?"

Nilisimama na nyasi mikononi, uso ukiwaka. Sijawahi kudharauliwa vizuri namna ile, na kila alichosema kilikuwa sawa. Aliinuka, akaenda kwenye kizizi cha ndama, akafungua. Ndama mwenye tumbo jeupe akaja.

"Mpe."

Nikampa. Ulimi wake ulikwaruza vidole vyangu, na fungu lote likaisha kabla sijakumbuka neno moja la hotuba yangu.

"Bado ana njaa," Yeyo akasema. "Kesho lete ingine. Na usilete kutoka hapa."

Nilikwenda kwa Baba. Sikuwa nimemweleza. Alinisikiliza huku akikata waya, kisha akasema kitu ambacho mimi, mwenye vitabu, sikuwa nimekifikiria. Nyasi zilikuwa zimejaa mji mzima, ndani ya zile ploti za makufuli. Zilikuwa hazijaliwa miaka mitano, zimefika kiunoni, kavu lakini zimesimama. Baba alikuwa ndiye aliyewauzia waya na alijua kila mwenye ploti anakaa wapi. Alipiga simu za kibanda, moja baada ya nyingine. Wenyewe walifurahi. "Nyasi? Kata zote!" mmoja akamwambia. "Tena utanipunguzia nyoka." Dharau yangu kwao haikupungua. Lakini uvivu wao ndio uliotunza nyasi nyekundu ambazo bidii yangu ilizimaliza, na hilo silisahau.

Nilinunua mundu. Siku ya kwanza nilikata hadi ardhini, usawa mmoja, pakawa kama uwanja wa mpira. Yeyo alikuja kuona mahali zinapotoka. Akanipiga kidogo mkononi kwa fimbo.

"Unanyoa mtu kichwa? Acha hapa." Akaweka kiganja chake wima juu ya udongo, kuonyesha kimo cha kuacha. "Maisha yake iko hapa chini. Hapo juu ni nguo tu."

Nikakata hivyo. Niliacha kimo cha kiganja, na pakawa hapana usawa, nami kila jioni nilitamani kurudi kusawazisha. Nilifunga mizigo, nikaibeba kwa toroli la dukani hadi korongoni, kisha kichwani. Nilifanya hivyo miezi saba. Mizigo ya mwanzo niliifunga kwa ukubwa mmoja na kuikata miisho. Baba akaniuliza kama ndama wanapima kwa rula. Baadaye nikaacha, si kwa hekima, bali kwa uchovu.

Nyasi kavu huwajaza ndama lakini haziwanenepeshi. Yule wa tumbo jeupe alikufa katika mwezi wa tano wa kazi hiyo. Nilimkuta amelala kando ya mlango wa kizizi, na nyasi nilizoleta jana zikiwa mbele yake. Nilirudi nyumbani nikakaa juu ya mifuko ya saruji, nikamwambia Baba kwamba nimeua.

"Amekufa kwa kiangazi," akasema. "Kama wengine elfu. Wewe ulichangia. Usijipe cheo."

Wengine wawili wakafa baada yake. Sita wakabaki. Watoto wa Yeyo walirudi kutoka Chyulu na nusu ya ng'ombe. Shemeji mmoja akaja kweli, na mtu mwenye mkoba mkononi. Yeyo aliwapeleka hadi kwenye kizizi, akafungua, ndama sita wakatoka, mbavu zikihesabika, wakienda. "Ardhi ni ya hawa," akawaambia. Mtu wa mkoba alitazama ndama, akatazama ardhi niliyoilima, imejaa mbigili, akasema hata hivyo hii ya hapa imeharibika. Ni mara ya pekee kazi yangu iliwahi kumsaidia.

Mvua zilipokuja nilikuwa na foronya iliyobaki ya mbegu za mkia wa mbweha nisizozisugua, imening'inia kwenye boriti ya jikoni tangu mwaka ule wa plau, imepata moshi na vumbi. Nilitaka kuitupa. Mtu wa mbuzi akasema kama ni kuitupa, itupe kwenye malisho. Yeyo na mimi tulikwaruza udongo kwa matawi ya miiba, tukarusha mbegu kwa mkono, pamoja na manyoya yake, bila kamba wala vigingi, kisha tukaacha matawi yaleyale juu ili mbuzi wasiingie. Kwa mara ya kwanza sikwenda kuchungulia asubuhi. Nilijizuia kwa nguvu. Wiki ya tatu Yeyo alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya korongo. Zilikuwa zimeota kando ya mashimo, chini ya matawi, ndani ya nyufa, popote zilipotaka, na mahali nilipokuwa nimekwaruza vizuri zaidi hapakuwa na kitu.

Miaka sita imepita. Sasa sipandi mbegu ya mkia wa mbweha kabla haijakaa mwaka mzima, siifukii, na silimi mahali penye nyasi nyekundu, hata mwenyewe akinisihi. Zile nyasi nyekundu za Yeyo hazijarudi isipokuwa katika ule ukanda wa kando ya boma. Sehemu niliyolima ina mkia wa mbweha theluthi mbili, na mbigili katika theluthi inayobaki. Mwaka huu ana ndama kumi na wanne. Kila kiangazi nampelekea nyasi ninazokata kwenye ploti ambazo bado hazijajengwa, nazo zinapungua. Bado sipendi kuzitazama nikishazikata, kwa vile hazilingani.